Akidi Inatafuna Kuku

"Katiba ni katiba, dada Leokadia," Sebastian alirudia, akimimina mchuzi juu ya pilau yake. "Kikao cha dharura anaitisha mwenyekiti. Na mwenyekiti yuko Bukoba."

Leokadia alishampigia. Huko ni usiku wa manane, simu imezimwa.

Leokadia alivuta kiti akaketi. Miguu ilimwaka moto. Tangu jimbo liwaondolee muuguzi wa usiku, yeye na mumewe Anatoli walikesha kwa zamu kando ya kitanda cha mtoto wao Isack, maana mashine inayomsaidia kupumua ikiziba, lazima mtu awe macho. Mswada wa kurudisha wauguzi ulikuwapo. Bunge la Maryland lilifunga kikao chake Aprili bila kuufikia, wabunge wakaenda makwao. Sasa baadhi yao walipendekeza bunge lirudi Annapolis, mji mkuu wa jimbo, nje ya ratiba, na mbunge wa eneo lao alikuwa akikusanya majina ya vyama vinavyounga mkono. Mwisho ni leo jioni. Jina la Chama cha Watanzania lingesikika. La mama mmoja mchovu lisingemshtua mtu.

Sebastian, katibu wa chama, hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba chama kiliwahi kuvunjika kwa sababu ya watu kujiamulia mambo, na kwamba bila akidi, theluthi ya wanachama, hakuna uamuzi.

Leokadia aliutazama ukumbi. Wa Upper Marlboro, wa Arlington, hata wale wa Shaw wasioonekana mpaka kuwe na chakula, wote walikuwa wamekuja kwenye kipaimara cha binti wa Dorothea.

"Akidi hiyo hapo, inatafuna kuku."

"Hii ni sherehe, si kikao."

"Tunataka wabunge watoke makwao warudi kazini. Sisi tumeshafika, na bado tunashindwa kukutana?"

Sebastian alisema mwenyekiti atakasirika.

"Atakasirika akiamka. Mimi sijalala tangu Aprili."

Akainuka. Kwanza alimwomba radhi Dorothea, mwenye shughuli, naye akamwambia afanye upesi, keki haijakatwa. Kisha akamfuata mshereheshaji, Bupe, anayeshika kipaza sauti kama mwanawe wa kumzaa, akakitoa mkononi mwake. Muziki ukanyamaza.

Hakuhutubia. Alisema Isack anahitaji muuguzi, bunge limefungwa, na wapo wanaotaka lifunguliwe. Wanachama wanaokubali chama kiunge mkono wanyooshe mikono.

"Yenye mafuta pia."

Mikono ikapanda, meza moja baada ya nyingine. Mmoja ulikuwa bado umeshika paja la kuku. Wa Sebastian ulichelewa, halafu ukapanda. Akajifuta vidole, akatoa simu, akamwandikia mbunge mistari miwili, akamwonyesha Leokadia.

"Tuma," Leokadia alisema.

Akatuma. Leokadia akamrudishia Bupe kipaza sauti na kuchukua mkoba wake. Zamu ya Anatoli ilikuwa inaisha.