Stesheni Iliyohama Mchana

"Ikihama hii, basi nitahama mimi!"

Hayo Koili aliyasema kwa kinywa kipana, mbele ya kamati nzima ya redio ya mtaa, amekunja mikono ya shati kana kwamba anakwenda kupigana. Jina la Koili alipewa na watu, maana tangu ujana hakuonekana bila waya wa shaba mkononi: anauzungusha kwenye kalamu, anauchomoa, anauzungusha tena. Fundi redio. Tena fundi mzuri, tusimnyime haki yake. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, alijijua kuwa ni mzuri.

Kamati ilikuwa imepata kibali cha kituo kidogo cha efuemu, cha wati chache, kisifike mbali zaidi ya mtaa wenyewe na majirani zake. Kilichobaki ni eksaita, kile kisanduku kinachozaa mawimbi na kuyapeleka kwenye antena. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake siku ya kuzaliwa, na mpaka leo watu wanamwita Mkunga. Yeye alikuwa amesikia kwamba zipo eksaita za kiwandani zenye kristali ndani, na kristali hiyo inayashika masafa yasiende juu wala chini, jua liwake, mvua inyeshe.

"Tununue hiyo," Mkunga alisema.

"Ya nini, Mkunga?" Koili akacheka. "Ya dukani ni sawa na nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Mimi nitawasukia koili ya kuyashika masafa hayo kwa mkono wangu mwenyewe, nitachagua kila kipande kinachoingia humo. Kristali ni ya fundi asiyejiamini."

"Na haitahamahama?"

Ndipo alipoitoa ile kauli yake, na watu wakapiga makofi.

Akaijenga. Alisuka koili, akaimwagia nta isitikisike, akafunga kisanduku kwa bati lililosuguliwa mpaka ukaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Kisha akaijaribu siku nzima pale karakana kwake, akisikiliza kwa redio yake ya mezani. Haikutetereka hata kidogo. Na hapa ndipo alipojikwaa. Kosa lenyewe ni la kifundi hasa, mtu wa kawaida asingeliweza. Redio ile ya mezani ilikuwa ya aina inayojishika: ikishakamata stesheni haiachii, stesheni ikisogea kidogo nayo inasogea nyuma yake kimyakimya. Koili alilijua hilo. Redio za namna hiyo alishazifungua chungu nzima, na palikuwa na swichi kabisa ya kuizima tabia hiyo. Hakuigusa. Alitaka kusikia kwamba kazi yake ni safi, na ndicho alichosikia.

Sasa, mama yake. Mama alikuwa mshonaji. Aliishi peke yake katika nyumba ileile alimowashonea watu wa mtaa mzima, cherehani yake dirishani, na juu ya kabati redio kuukuu ya mshale, isiyojishika wala kushika chochote: unapoiweka ndipo inapokaa. Tangu kituo kilipofunguliwa, Mama hakuizima. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Unaisikia hiyo sauti? Imepita mikononi mwa mwanangu." Wengine waliambiwa kabla hawajakaa.

Jua la kiangazi lilipoanza kuchoma, Mama alimwita mwanawe.

"Baba," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, baba, hata zamani alipokuwa akimchapa. "Mchana redio yako inahama."

"Inahama inakwenda wapi, Mama?"

"Inashuka. Asubuhi iko hapa. Jua likikaa utosini inakoroma, nikiitafuta naikuta hapa. Jioni inarudi kwake."

Koili alicheka, tena alicheka kwa mapenzi, maana alimpenda mama yake. "Stesheni haina miguu, Mama. Hayo ni masikio."

Hayo ni masikio! Laiti angeuma ulimi. Neno hilo lilimfikia Dada, mtoto wa kwanza wa Mama, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na mdomo wa wembe. Muda si mrefu Mama akaunguza sufuria. Alikuwa ameiacha jikoni, yuko sebuleni anaitafuta stesheni wakati wa kipindi cha salamu, na akili yake yote ilikuwa kwenye mshale. Jirani aliona moshi. Dada akafunga safari.

"Leo stesheni inatembea, kesho atasema ukuta unatembea," Dada alimwambia Koili uani, akijaribu kunong'ona na kushindwa. "Mama hawezi kukaa peke yake tena. Nakwenda naye kwangu. Na hebu ona, siku hizi anachora redio kwa sindano!"

Akamtilia redio mikononi. Koili akatazama kioo cha mshale. Palikuwa na mikwaruzo miwili membamba, imesimama bega kwa bega, upana wa punje ya mchele katikati yake. Mtu aliyechanganyikiwa huchora ovyo. Hii ilikuwa imenyooka kama alama za chaki kwenye kitambaa kinachosubiri mkasi.

"Unasemaje?" Dada akauliza.

"Tutaona," alijibu Koili.

Kesho yake mchana alikwenda kituoni na mita ya kusomea masafa, aliyoiazima kwa fundi mwenzake. Chumba cha mitambo kilikuwa na paa la bati, na joto lake ungeweza kukaangia yai. Aliunganisha mita, akakaa kwenye kigoda. Namba zikaanza kushuka. Hazikuwa na haraka. Kila bati lilipolia kwa joto, nazo zilishuka kidogo, na zilipokuja kutulia Koili alichukua redio ndogo ya mshale iliyokuwa hapo na kupima. Upana wa punje ya mchele.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu aangalie mlangoni ingawa yuko peke yake. Mama yake alikuwa amepima kwa sindano ya kushonea kile ambacho yeye, pamoja na karakana yake, hakutaka kukipima. Na alikuwa amemwambia ni masikio.

Ungedhani alitoka hapo mbio kwenda kumwambia. Thubutu! Alikwenda dukani. Akanunua eksaita ya kristali, ileile ya fundi asiyejiamini, akaifungua, akaipandikiza ndani ya kisanduku chake chenye bati la kung'aa, na ya zamani akaificha chini ya meza ya karakana. Mkunga alipomuuliza alikuwa anafanya nini na bisibisi, alisema, "Napangusa vumbi tu." Moyoni alijipangia hivi: stesheni itatulia, Mama naye atatulia, Dada atarudi kwake, mambo yataisha bila kelele. Hakuna atakayeumia. Alijiambia hivyo njia nzima mpaka akakaribia kuamini.

Siku ya mapumziko alikwenda kwa Mama, na alimkuta ameketi na redio mapajani. Jua lilikuwa utosini. Dada alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Mama alipeleka mshale kwenye mkwaruzo wa pili, ule wa mchana. Pakavuma upepo mtupu. Akaurudisha kwenye wa kwanza, sauti ya mtangazaji ikaja safi kabisa. Akapeleka tena. Upepo.

"Umeona, Mama?" Dada alisema, na safari hii alisema kwa upole. "Iko palepale. Haijahama kokote."

Mama aliendelea kusukuma mshale, kwenda na kurudi. Koili alikuwa amesimama palepale, anaona. Ushahidi pekee aliokuwa nao mama yake duniani, yeye ndiye aliyeuzima kwa mkono wake.

"Basi ni mimi," Mama alisema. "Ni kichwa changu. Fungeni vyombo, nisije nikachoma nyumba na watu wa watu."

Kisha, Mungu amsamehe, Koili alifunga vyombo. Hakujua mikono yake inafanya nini, lakini ilifanya: sufuria, vitambaa, sanduku la nyuzi. Cherehani aliibeba mwenyewe toka dirishani mpaka barazani. Mama alikuja kuipapasa gurudumu, halafu akamshika mwanawe kiganja.

"Baba, unisamehe. Nimeisema vibaya kazi yako kwa watu."

Hapo hakuweza tena. "Mama, ilikuwa inahama. Kweli kabisa ilikuwa inahama! Mimi ndiye niliyeijenga vibaya, na juzi nimeibadilisha kwa siri."

"We, acha!" Dada akamaka. "Ameshakubali, unamrudisha nyuma kwa ajili gani? Huko ndiko kumpenda?"

Mama alitabasamu, tabasamu la kumfariji mtoto. "Una huruma, baba. Tangu mdogo ulikuwa hivyo."

Koili aliapa, akaapa tena. Alisema habari ya koili na joto na kristali, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kufanana na mwana anayemtungia mama yake uongo mtamu. Hatimaye akamshika Dada mkono. "Msiondoke leo. Nakuomba. Mpaka kesho mchana." Dada aliguna, lakini alikubali.

Kwa Mkunga haikuwa rahisi. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Vumbi," alisema. "Uliniambia unapangusa vumbi."

"Nilikudanganya."

"Na sasa unataka urudishe bovu hewani, makusudi."

"Kwa mchana mmoja tu. Mama haamini maneno yangu, na ana haki. Nataka asikie kwa redio yake."

Mkunga aliirudisha miwani machoni. "Utarudisha," alisema. "Ila maikrofoni nitaishika mimi, na jina lako nitalitaja."

Kesho yake asubuhi eksaita ya zamani ilirudi kazini, na Koili akaenda kukaa sebuleni kwa Mama, miongoni mwa mafurushi. Mshale ulikuwa kwenye mkwaruzo wa kwanza. Jua lilipopanda, salamu zikakatizwa, ikaja sauti ya Mkunga.

"Wasikilizaji, mchana huu redio yenu itawakimbia kidogo, mtuvumilie. Fundi wetu Koili amekiri kwamba mtambo aliotujengea ulikuwa ukihama kila jua likiwa kali, akauficha ubovu huo. Kama kuna mzee yeyote nyumbani aliyesema redio inahama mkamwambia ni masikio yake, mwombeni radhi. Masikio yake ni mazima."

Sauti ikaanza kukwaruza. Kisha ikakoroma. Mama hakuchelewa. Kidole chake kilipeleka mshale kwenye mkwaruzo wa pili, na hapo Mkunga akasikika wazi, akisoma salamu za mtu kwa shemeji yake.

Dada alikaa juu ya furushi la sufuria. "Si ulisema ikihama utahama wewe?" alimuuliza Koili kwa sauti ndogo. "Mbona alikuwa anahama Mama?"

Mama alikuwa ameinamia redio, mabega yakitikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Kumbe," alisema. "Kumbe kichwa kizima!"

"Kizima, Mama."

Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu kicheko kikaisha, akainua uso akamtazama mwanawe, jinsi alivyokuwa akitazama mshono alioutilia shaka.

"Ulijua lini?"

Alitamani kusema jana, baada ya cherehani kufika barazani. "Kabla hatujafunga vyombo," alisema.

"Kabla sijakuomba msamaha."

"Kabla."

"Na cherehani ukaibeba."

"Nikaibeba, Mama."

Mama akaizima redio. Tangu kituo kifunguliwe, ilikuwa mara ya kwanza. "Vyombo dada yako atanipangia," alisema. "Hiyo cherehani irudishe dirishani."

Koili aliibeba, akaiweka, akaisukuma mpaka miguu yake ikaingia katika alama zake za zamani sakafuni. Mama alikuja kuikagua. Alizungusha gurudumu, akasikiliza sindano ikipanda na kushuka, akaridhika. Kisha akamshukuru kwa adabu kabisa, kama anavyomshukuru mtu yeyote aliyekuja kutengeneza bomba.

"Asante, fundi," alisema, na kumsindikiza mlangoni.