Kiti cha Vishikio Sita

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuiona nyumba aliyohamia mjukuu wangu, maana ile ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango ukuta, na hapo katikati ndipo watu walitakiwa kuishi. Chumba kimoja, na jiko dogo limekatiwa kwenye kona, ambamo mtu mnene inabidi aingie kinyumenyume ili aweze kutoka. Ukipiga chafya kitandani, masufuria yanaitikia. Mimi nilikwenda kuwasaidia kupanga vyombo kwa wiki moja, nikakaa miezi mitatu, kwa sababu vyombo vyenyewe havikuwepo. Kwanza ilibidi vizaliwe.

Mjukuu wangu nilimpa jina la Kopo tangu ana miaka saba, kwa kuwa hajawahi kutupa kopo. Mumewe ni seremala, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mizuri na maneno machache. Mimi namwita mume wangu, yeye ananiita mke mkubwa, na Kopo anatuambia sote wawili tukome.

Miezi minane ya kwanza ya ndoa yao waliishi chumba cha uani, kwa mama yake seremala. Huyo mama mimi namwita Mama Vitambaa, si mbele yake. Sebuleni kwake kila kitu kimevishwa kitambaa cha kufuma: redio, jagi, stuli, mpaka kitasa cha mlango. Makochi hayajavuliwa nailoni ya dukani huu mwaka wa tisa, na mgeni akiketi yanalia kama bata aliyekanyagwa. Nailoni Kopo aliivumilia. Kilichomshinda ni kufungiwa sukari kabatini, na kuulizwa mbele za wageni mbona tumbo bado, na kila alfajiri kuamshwa kufagia uwanja ambao mwenyewe Mama Vitambaa alikwisha kuufagia, ili tu asikilize unavyofagiwa vibaya.

Siku walipoaga, mama mtu alisema, "Nendeni. Chumba nakiacha wazi, simpi mpangaji. Baada ya miezi mitatu nakuja kuona. Nikimkuta mwanangu anaishi kama kuku, mnarudi hapa siku hiyohiyo. Gari nitakuja nalo."

Seremala akasema, "Sawa, mama."

Huyu mtoto hajawahi kumwambia mama yake hapana. Nadhani neno lenyewe hakufundishwa.

"Bibi," Kopo aliniambia, "nikirudi kule nitakufa na ufagio mkononi."

Basi tukaanza kutengeneza nyumba isiyo ya kuku. Meza ilikuwa mlango uliookotwa kwenye jengo lililobomolewa, ukalazwa juu ya makreti. Kitasa kilikataa kung'oka, kwa hiyo ukitaka kula kwa raha unakaa upande usio na kitasa. Taa ilikuwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari. Ikiwashwa inatupa madoa ukutani na usoni, tunaonekana sote tuna surua. Pazia la jikoni lilikuwa vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye uzi, na kila anayekwenda kunywa maji mtaa mzima unaarifiwa. Ukutani Kopo alibandika magazeti kwa gundi ya unga. Nikamwambia, mwanangu, unga ni chakula. Akasema, "Bibi, hii ndiyo mitindo." Wiki ya pili panya walikuwa wameshausoma ukuta mpaka kurasa za michezo.

Nilicheka, lakini nilishika sindano. Sketi ya ndani ya gauni la harusi la Kopo, ile yenye marinda mengi, niliifumua mwenyewe, kwa subira, uzi kwa uzi, ili uzi nao utumike.

Kilichobaki ni kiti. Sisi tulikuwa tunakaa kitandani, lakini mama mkwe haketi kwenye kitanda cha mwanawe, na kumketisha kwenye kreti ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa gari lake. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Karakana anakofanyia kazi seremala, mbele wanatengeneza milango, nyuma wanatengeneza majeneza. Ndugu fulani walikuja kuagiza jeneza la mzee wao. Mzee alikuwa amepinda mgongo miaka ishirini, nao wakatoa kipimo cha urefu wake kama walivyozoea kumwona akitembea. Kifo kikamnyoosha. Jeneza likafika, likamkataa palepale mlangoni, hata kumlaza hakukuwezekana, likarudi karakana jipya kama lilivyoondoka. Likakaa miezi. Nani anunue jeneza lililorudishwa? Tajiri wa karakana akamwita seremala, akamwambia, "Wewe zawadi ya harusi sikukupa. Chukua hilo. Mbao za mvule, halijaguswa na mtu."

Kopo alipoliona alilizunguka mara mbili. Nilijua tumekwisha. Macho yake yalikuwa yaleyale ya kuona kopo.

Kitambaa cheupe cha ndani, cha satini, alikitoa, kikawa mapazia ya dirisha. Mume wangu akatia bawaba kwenye kifuniko, akafunga miguu minne mifupi ya skrubu. Juu tukaweka mito niliyoijaza mabaki ya nguo. Yale marinda ya harusi nikayashona kuzunguka pande zote mpaka chini, yakaficha mbao na yakaficha vishikio sita vya shaba, ambavyo Kopo alitaka visitolewe. "Vinapendeza," alisema. Ndani tukaweka unga, sukari, mashuka na makopo yake. Usiku mimi ndiye niliyelala hapo. Juu yake, siyo ndani. Mgongo wangu haujawahi kupata mahali pazuri kama pale, na Mungu anisamehe.

Mama Vitambaa akaja asubuhi ya siku aliyoisema, na gari la kukodi limesimama barabarani kwa kuwa uchochoro wetu haupitishi hata mkokoteni. Alikuwa amevaa kama anakwenda kumposea mtu. Miwani anayo, ila haivai, anasema inamzeesha.

"Hodi hapa! Au nimeshaingia ndani bila kujua?"

"Karibu, mama," Kopo akapiga goti.

Akapitisha kidole mezani. "Hii meza ina tundu la ufunguo."

"Ndiyo, mama. Isiibwe."

"Na huu ukuta unaliwa na nini?"

"Na wasomaji, mkwe," nikasema. "Karibu uketi."

Akaketi. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akadunda kidogo. Kiti hakikulia kama bata. Akapapasa marinda.

"Hiki mmenunua wapi?"

"Kakitengeneza mwanao, mama."

"Mwanangu?" Uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu mahari. "Kimetulia! Mtu akijinyoosha hapa hataki kuamka tena."

Nilipaliwa na chai.

"Mimi ndipo ninapolala, mkwe," nikamwambia. "Najizoeza."

Akafungua mkoba. Mama huyu hatembei mikono mitupu: akatoa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye tausi wawili, akakitandika juu ya mto, akaegemea. Halafu akasema lile tusilolitegemea.

"Hiki nakitaka. Kazi nzuri ya kwanza ya mtoto ni ya mama yake. Nipeni kiti, nami nasema hadharani hapa ni nyumba, na kile chumba cha uani kesho nampa mpangaji. Gari ninalo, lisirudi tupu."

Seremala akafumbua mdomo. "Mama, hicho kiti..."

Kopo akamkanyaga mguu. Nilimwona. Na mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu kumi na mmoja, nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaamua kupuliza chai. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu ya jeneza ajue seremala.

Wakaitwa makuli wanne kutoka sokoni. Mama Vitambaa akatoka nje mapema, amekumbatia mto wake wenye tausi, akaanza kumsimulia jirani kuhusu mwanawe. Ndani, kiti kikagoma kupita mlangoni. Ikabidi miguu ifunguliwe. Halafu marinda yanakanyagwa, ikabidi yavuliwe. Na kilipovuliwa marinda kikabaki kilivyozaliwa, kirefu, kinang'aa, na vishikio vyake sita.

"Tutoe unga?" nikamnong'oneza Kopo.

"Hatuna nafasi, bibi, asije akarudi ndani! Bebeni, kaka zangu, bebeni upesi!"

Makuli wakaangaliana. Mkubwa wao akavua kofia. "Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini, na badala ya kukitia kichwani kama mzigo, wakakitia mabegani, wawili mbele, wawili nyuma, wakaenda polepole, kama inavyokwendwa.

"Mzito huyu," mmoja akasema.

"Alikuwa mtu mzima," mwenzake akajibu.

Mbele ya wote alitangulia Mama Vitambaa na mto wake, hatazami nyuma. Nyuma seremala, kichwa kimeinama. Kopo ananiminya mkono, mimi na mkongojo wangu. Kinyozi akazima redio. Wacheza karata wakasimama, karata zimefunikwa kifuani, maana heshima ni heshima lakini mchezo ni mchezo. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo akatua beseni. Na Mama Vitambaa, akiona watu wanainuka, akawa anaitikia kwa kichwa huku na huku, kama mke wa mkubwa anazindua kisima.

"Watu wa mtaa wenu wana adabu," akasema bila kugeuka.

Tulipopita bombani nyuma yetu walikuwa watu kama thelathini. Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani. Watu hufuata kwanza, kuuliza baadaye. Mama mmoja alikuwa analia kwa kwikwi. Nikamgeukia.

"Unamlilia nani, mwanangu?"

"Simjui, bibi," akasema, anajifuta kwa mkono. "Ila na mimi nilikuwa na yangu."

Hapo nikaona aibu, kidogo.

Dereva wa gari alikuwa anapiga mswaki. Akatuona, akatema, akasimama mbele ya gari lake, mikono ameitanua.

"Hapana, hapana! Mama, si uliniambia vyombo vya nyumbani? Maiti sipakii bila kibali!"

"Maiti gani, wewe mlevi?"

"Huyo hapo nyuma yako!"

Mama Vitambaa akageuka. Aliwaona watu thelathini wamevua kofia. Akawaona makuli. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, kwa mara ya kwanza mbele za watu. Mto ukamdondoka, tausi wakala vumbi.

"Mwanangu," akasema. "Nilikalia nini?"

"Hakijatumika, mama. Kilikuwa kifupi."

"Kifupi kwa nani?"

Makuli wakatua mzigo, na yule mkubwa wao, ambaye naye alitaka kujua ni nani aliyemvunja bega, akafunua kifuniko. Gunia la unga. Mfuko wa sukari. Mashuka mawili na makopo ishirini na saba.

Kinyozi akakaa chini barabarani kwa kicheko. Yule mama wa kwikwi akachungulia ndani, akanyanyua uso, amefura. "Nimelilia unga!"

"Basi!" Mama Vitambaa akapiga kelele. "Yamekwisha! Kwa hii aibu, mnarudi kwangu leo hii! Pandeni gari!"

Kopo akaniachia mkono. Sijawahi kumwona mtu akimtazama mumewe vile. Alimtazama kama mtu anayesikiliza hukumu yake ikisomwa. Mimi moyoni nikasema, kwisha habari yetu, huyu neno hapana hana.

Na kweli hakulisema.

"Sawa, mama," akasema seremala, kwa upole wake uleule. "Turudi. Ila hii mbao ni nzuri, siwezi kuiacha barabarani. Tutaipakia nayo. Nitaiweka uani kwako, hapo mlangoni, mke mkubwa apate pa kulala akija."

Akainama, akashika kishikio.

Mama Vitambaa akalitazama lile sanduku. Akawatazama wale watu wote, ambao baadhi yao wana dada na mashoga kule kwake. Nadhani aliona uwanja wake unaofagiwa mara mbili, na kitu kile kimekaa katikati, na wageni wake wanavua kofia.

"Usiliguse gari!" akasema. "Kaeni hukohuko! Mtu anayekula unga wa humo ndani, mimi uwanja mmoja naye sikai. Kile chumba nampa mpangaji leo, leo hii! Dereva, washa!"

Akapanda mbele, akafunga mlango, gauni likabanwa nje, akaondoka nalo linapepea.

Mpaka sasa sijui kama mume wangu alisema vile kwa upole au kwa ujanja. Nimemuuliza mara tatu. Anapiga randa tu. Mimi naye ni ndoa ya utani, siwezi kudai kumjua.

Makuli walikirudisha kiti. Safari hii walikitia vichwani, wakaenda mbio, wakiimba. Kopo alikuwa anawafuata huku akiuliza kama unga haujamwagika. Marinda tukayarudisha, miguu ikafungwa. Yule mama wa kwikwi sasa ni rafiki yetu. Huja jioni, huketi hapohapo, analia kidogo, anaondoka na kikombe cha sukari.

Kile kitambaa cha tausi nilikiokota barabarani, nikakifua, nikakipiga pasi, nikakitandika juu ya kiti. Mwenyewe hajakidai. Anayo namba ya simu, na njia anaijua.