Mkono wa Kuume

Baba alikuwa fundi cherehani mwenye Kiswahili cha kizamani. Wengine walisema mkono wa kulia, yeye alisema mkono wa kuume. Siku aliyotuita mezani, mimi na kaka yangu, kutufundisha kukata, alisema, "Mkasi hushikwa kwa mkono wa kuume," kisha akaenda kumpima mteja kiuno.

Nilikuwa na miaka sita. Nikamuuliza kaka, aliyenizidi mwaka mmoja na majivuno kumi, kuume ni wapi.

"Ni mkono wa wanaume," alisema. "Wewe huna."

Niliamini, maana kaka alikuwa ameshang'oka meno mawili na mimi bado. Nikashika mkasi kwa kushoto. Mkasi ule ulitengenezewa wanaotumia kulia. Kwangu ulikitafuna kitambaa kama ng'ombe mzee. Baba akaona, akacheka.

"Huyu mkasi umemkataa. Mpeni vifungo."

Nilivichukia vifungo hivyo. Nilitaka meza, chaki, na ile sauti ya mkasi ukipita kwenye kitambaa kipya. Bado naisikia, pamoja na harufu ya pasi ya mkaa na baba akinung'unika na pini mdomoni. Ningeweza kurudi pale hata kwa saa moja, ningerudi. Miezi mizima nilikaa chini nikishona vifungo, kwa kushoto vilevile, huku kaka akikata upogo na kutiwa moyo.

Aliyeuliza ni mteja, mama mmoja asiyepitwa na jambo. "Fundi, binti yako ana shoto?"

"Hana. Chakula anakula kwa kuume." Baba akanigeukia. "Mwanangu, mbona kazi unafanya kwa kushoto?"

"Kwa sababu mimi ni msichana."

Yule mama alicheka mpaka akakaa. Baba hakucheka. "Nani kakwambia hivyo?"

"Mimi," alisema kaka. "Lakini wewe ndiye uliyesema, baba. Kila mteja unamwambia kukata ni kazi ya wanaume."

Baba akaenda mezani. Alitandaza kitambaa cha suruali, cha mteja, si mabaki, akaniwekea mkasi katika mkono wa kulia. Nikakata juu ya mstari wa chaki bila kupinda, huku machozi yakinitoka.

Kaka alisimama kando akiangalia sakafu. Nikadhani ana wivu.

"Baba," alisema, "sasa na mimi naweza kushona vifungo?"