Mjomba wa Sura ya Sita

Nilitoka nyumbani Mafiga asubuhi, mswada wangu mkobani, nina hasira hata salamu za njiani sikuitikia. Krupa, mhariri niliyepewa na wachapishaji, alinifungulia mlango wa nyumba yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sikuja kunywa chai."

Nikaubwaga mswada mezani. Kitabu changu kinahusu mwaka niliofungiwa ndani nikiwa mwali, kule milimani Uluguru, baada ya mtihani wa darasa la saba. Nilidhani mhariri ataweka nukta na mkato palipopungua. Yeye kataka niondoe sura mbili za mwanzo, nianzie pale mlango ulipofungwa. Pembeni kajaza maswali.

"Hili ndilo limenitoa nyumbani," nikasema. "Soma!"

Akasoma: "Mjomba analeta miwa kila Jumamosi. Sura ya sita hayupo. Sura ya saba karudi. Alikuwa wapi?"

"Wewe yanakuhusu nini?"

"Msomaji atauliza, bibi. Umetufanya tumpende, halafu umemficha."

"Mjomba wangu ni marehemu! Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Miwa akiimenya mwenyewe, akiikata vipande vidogo nisijikate mdomo. Wewe mtoto wa juzi unataka nimtukane?"

"Sijasema umtukane. Nimeuliza alikuwa wapi."

Mkaidi huyo! Lakini maswali yote kayaandika kwa penseli, hafifu, ili nikitaka niyafute. Hilo niliona, likanizidishia hasira, maana nilikosa pa kumshika.

"Alikuwa na barua," nikasema.

"Barua gani?"

"Ya shule. Nilichaguliwa kidato cha kwanza. Akaenda mwenyewe kumwambia mwalimu mkuu kwamba mwali hatoki. Nimekuja kujua nimeshaolewa, nina watoto wawili. Na Jumamosi iliyofuata kaja na miwa!" Sauti ilinipanda, jirani akachungulia dirishani. "Kanimenyea! Nami nikamshukuru!"

Krupa alinivutia kiti, akanipa karatasi.

"Wachapishaji wanataka kitabu Ijumaa," nikamwambia.

"Nitawaomba wasubiri."

"Na miwa siiondoi."

"Usiondoe hata kipande."

Nikaketi. Nikaandika: Jumamosi ile mjomba hakuja kwangu. Alikuwa amekwenda shuleni.