Sauti Iliyotangulia

Shangazi yangu alikuwa mtangazaji wa redio hadi alipofanyiwa upasuaji wa koo. Tangu hapo alinong'ona tu, nasi nyumbani tukazoea kunyamaza ili tumsikie.

Mimi hutafsiri riwaya. Alasiri moja nilikwama kwenye kitenzi cha Kiingereza, "herald": mawingu yalifanya nini kwa mvua iliyokuwa njiani? Nikaandika "yalitangaza", nikafuta. Nikajaribu "yalibashiri", nikaona nimeyageuza mawingu kuwa wapiga ramli. Nikaenda sebuleni kumwuliza.

"Kutangaza ni kusema lililokwisha kuwa," alinong'ona huku akikunja nguo. "Nimetangaza vifo miaka yote, marehemu yuko mochwari tayari. Hilo lako linakuja kabla. La mgambo likilia, lina jambo. Lakini jambo lenyewe hulioni bado."

"Sasa niandikeje, shangazi?"

Kabla hajajibu, chumbani kwake, ambako hakukuwa na mtu, ikasikika sauti yake ya zamani, nzito, safi, isiyo na haraka: "Tunasikitika kutangaza kifo kilichotokea hapa nyumbani. Ndugu na jamaa, popote walipo, wanaombwa wafike."

Nilimtazama mdomo. Ulikuwa umefumbwa.

Nikaingia chumbani. Kitanda kimetandikwa, dirisha limefungwa, redio imechomolewa. Nikarudi sebuleni. Yeye alikuwa bado anakunja nguo.

"Umesikia?"

"Hajataja jina," alinong'ona. "Mpigie baba yako simu, na wadogo zake. Waje wote."

Walikuja Jumamosi, wakidhani wameitwa kula. Nilipowaeleza, walianza kutazamana kwa kuibia, kila mmoja akisikiliza kikohozi cha mwenzake. Baba mdogo, ambaye mizaha haimwishi, akasema, "Basi anayeondoka aage mapema, tusije tukagombania viatu mlangoni."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kile kilikuwa na sauti, tena sauti nzima. Sote tuligeuka.

Akaomba maji. Nilipofika na bilauri, kichwa chake kilikuwa kimemlalia baba begani, na baba bado anaongea naye.

Hatukupeleka tangazo redioni. Wa kuambiwa wote walikuwa pale sebuleni, wamesimama, na hakuna aliyekubali kuingia chumbani kwake kuchukua shuka la kumfunika.