Kinacholia Chini ya Chombo

Mara ya kwanza Ummukulthum kuvuta hewa chini ya maji, alidhani mtungi wake unavuja.

Ilikuwa likizo ya Desemba, siku ya tatu ya kambi ya vijana wanaofunzwa kusafiri kwa tanga na kuzamia. Asubuhi walitweka tanga Mbaraki, wakakipita kivuko cha Likoni, wakatia nanga upande wa ndani wa mwamba, mahali ambapo maji ni safi na kina chake hakifiki mita tano. Ummukulthum alikuwa na miaka kumi na mitano. Alizaliwa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo madirisha yake yanatazama bahari, lakini hakuwa amewahi kuingia chini yake hadi siku hiyo. Alipozama tu, akasikia mchakariko mfululizo, kama bajia zikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Akatikisa kiganja kulia na kushoto, ile ishara ya kwamba kuna tatizo. Mwalimu Kanze akampandisha juu.

"Mtungi unavuja, Mwalimu. Nausikia."

Kanze, mwanamke wa Kilifi aliyezamia kwa miaka kumi na mmoja, alikagua mpira, akatazama kipimo cha hewa, akatafuta mapovu. "Mzima kabisa."

"Na ule mlio?"

"Mlio upi?"

Lennox, aliyepangwa kuzamia naye, akacheka. "Ni tumbo lake. Hakunywa chai."

"Basi ni injini," akasema Ummukulthum, bila kucheka.

Nahodha Abdulghafur aliinama ukingoni mwa chombo. "Injini nimeizima tangu saa tatu, mwanangu."

Kanze akarudisha kichwa majini, akakaa hivyo kitambo. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbushwa jambo. "Ala! Ule! Nausikia kila siku, mpaka nikaacha kuusikia. Ni kamba."

Lennox akaitazama kamba ya nanga.

"Si hiyo, wewe. Kamba wa kuliwa! Hawa ni wadogo, hawafiki urefu wa kidole. Wanafyatua gando."

"Ushawaona?" akauliza Ummukulthum.

Kanze alisita. "Nimesoma tu. Nikiwa chini, macho yangu huwa kwa wanafunzi."

"Basi twende tukawaone."

Ratiba ilisema zamu ya pili ni ya kujifunza kuelea bila kugusa chini. Kanze aliitazama, kisha akasema mtu anaweza kuelea popote, hata mbele ya tundu la kamba.

Haikuwa rahisi. Chini ya maji mlio ulitoka kila upande. Kugeuza kichwa hakukusaidia. Ummukulthum akabadilisha mbinu. Alipita juu ya majani ya baharini, mlio ukapungua. Akapita juu ya vipande vya matumbawe yaliyokufa, ukazidi. Akasimama hapo, akaelea, akangoja. Dakika tano zikapita. Lennox akamwonyesha saa yake.

Ndipo alipomwona samaki mdogo mwenye mistari, ametulia mchangani mbele ya tundu. Hakukimbia. Nyuma yake akatoka kamba, anasukuma mchanga kama tingatinga, gando moja kubwa na jingine dogo. Sharubu yake moja aliiweka juu ya mkia wa samaki, kama kipofu anayeongozwa mkono. Akamwaga mchanga, akarudi ndani, akatoka tena. Lennox alikuwa amemshika Ummukulthum mkono bila kujua.

Kaa mdogo akajipitisha karibu. Gando kubwa likafunguka. *Pa!* Kaa akapinduka. Samaki akachezesha mkia, na wote wawili wakatoweka tunduni.

Juu, kila mtu alisema kwa wakati mmoja.

"Mbona gando moja tu ndilo kubwa?"

"Na yule samaki ni mlinzi wake ama ni mpangaji?" akauliza Lennox.

"Sijui," akasema Kanze, akicheka huku akivua miwani. "Na hilo pia sijui."

Nahodha Abdulghafur alikuwa amesikiza yote. "Miaka thelathini nalala vyomboni," akasema mwishowe, "na mlio huo nausikia chini ya kichwa changu. Baba alinambia ni wadudu, wanatafuna mbao."

"Lakini Ami, hiki chombo ni cha plastiki," akasema Ummukulthum.

"Ndiyo. Na bado niliamini."

Akavua kofia, akalala kifudifudi, akabandika sikio sakafuni. Ummukulthum akalala kando yake, kisha Lennox, kisha wengine, mmoja baada ya mmoja, mpaka hapakuwa na nafasi ya kukanyaga.

"Nyamazeni!" Lennox akanong'ona.

"Ni wengi hawa," akasema nahodha polepole. "Ni wengi mno."

Saa ya kung'oa nanga ilifika, ikapita. Kanze alipomkumbusha, nahodha aliinua kidole bila kufumbua macho.

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Bado nasikiza."