Hakuna Kasoro Iliyoonekana

Mara ya tatu Nay Panyang alipofika kituo cha huduma kwa wateja, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka mjini Iloilo, alikuja amejipanga. Alibeba kapu la ibos, wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mnazi, chupa ya maji, miwani miwili, na pedi yake ya kuchezea gemu za runinga, iliyovishwa nailoni, kama alivyozoea kuivisha rimoti ya runinga. Manong Tating, mlinzi wa mlangoni, akachungulia ndani ya kapu.

"Mwalimu, unahamia?"

"Leo siondoki mpaka kieleweke. Chukua ibos."

Manong Tating akachukua mbili na kumfungulia mlango.

Hasira za Nay Panyang zilikuwa za haki. Pedi ilikuwa na miezi minane tu, lakini kila akicheza karibu saa nzima, kijiti cha kushoto kilishikwa na wazimu. Mchezaji wake wa kikapu kwenye runinga aliachana na mpira na kwenda zake kushoto, akatoka nje ya uwanja, akaganda mbele ya mashabiki kama mtu anayetafuta choo. Mara ya kwanza alipoileta, fundi aliigeuzageuza akasema haijatumika hata kidogo, mbona inang'aa.

"Imetumika, nimeivisha nailoni," Nay Panyang alimjibu. "Wewe ukivaa koti la mvua ndiyo hujatembea?"

Mara ya pili fundi aliijaribu kwa dakika moja, akaandika kwenye fomu: Hakuna kasoro iliyoonekana. Nay Panyang akaandikia makao makuu ya kampuni. Wakamjibu kwa barua tamu, wakamshukuru kwa kupenda bidhaa zao, wakamshauri aipanguse pedi kwa kitambaa laini kikavu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa alimjua kwa harufu.

Angeweza kuwasamehe, lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi meli ya mwanawe Jerwin ingetia nanga Rotterdam. Jerwin alikuwa fundi msaidizi kwenye injini, na kwenye simu kijana yule alikuwa bubu. Kazi inaendaje? Sawa tu, Ma. Unakula? Sawa tu, Ma. Ila wakicheza gemu ya kikapu mtandaoni, yeye huko bandarini na mama yake sebuleni, ulimi ulimfunguka. Kwamba aliachana na yule msichana wa Bacolod, Nay Panyang alizipata habari hizo katikati ya mchezo, wakati akimnyang'anya mpira. Bila pedi nzima angebaki na "sawa tu" mpaka meli ifike bandari nyingine, na hilo alilichukia kuliko kushindwa.

"Nay, umerudi," alisema fundi kijana nyuma ya meza. Kibandiko kifuani kilisema Jhunrey.

"Nimerudi, Toto. Washa hiyo mashine ya maonyesho, tucheze."

"Nay, utaratibu ni dakika moja."

"Ugonjwa wake unakuja baada ya saa moja. Daktari hampimi mtu malaria kwa kumwangalia viatu."

Jhunrey akatazama mlango wa meneja. Meneja alikuwa Cebu, kwenye semina ya namna ya kumtabasamia mteja.

"Cheza naye, bwana," alisema mama mmoja kwenye foleni, ambaye naye alikuwa na pedi kwenye mfuko wa plastiki. "Sisi hapa tunaota mizizi tu."

Foleni nzima ikaunga mkono. Jhunrey akakubali. Akatoa pedi mpya ya dukani kwenye boksi lake, wakaketi, kapu la ibos likaanza kupita mkono kwa mkono.

Basi hapo ndipo pedi ya Nay Panyang ilipomfanyia kitu kibaya. Ilitulia. Dakika ishirini, haikukosea. Dakika arobaini, ikatii kila alichoiamuru. Watu wa foleni walikuwa wamesimama nyuma yake wakiishangilia iharibike.

"Kushoto, mama, nenda kushoto," mama yule wa mfuko aliibembeleza pedi.

Nay Panyang alijua kwamba akifungwa itakuwa nafuu kwa kesi yake, lakini mikono yake haikujua kufungwa. Akatupia kikapuni kutoka mbali, ikaingia. Akatupa tena, ikaingia. Ilipofika dakika ya hamsini na tano alikuwa mbele kwa pointi kumi na nane, akicheza mchezo mzuri kuliko yote aliyowahi kucheza, na alitaka kulia.

"Nay, samahani," Jhunrey alisema, jasho likimtoka. "Hiyo pedi yako ni nzima kuliko meno yangu."

Hajamaliza kusema, mchezaji wa Jhunrey akageuka. Akauacha mpira, akatembea pole pole kwenda kushoto, akavuka mstari, akasimama mbele ya mashabiki.

"Mrudishe," alisema Nay Panyang.

"Sijagusa kitu." Jhunrey akainua mikono yote miwili juu, kama aliyevamiwa na majambazi. Mchezaji akaendelea kusukumana na ukuta.

Kisha chumba kizima kikaangua kicheko, na Manong Tating mlangoni akacheka mpaka akapaliwa na ibos.

"Ipanguse, Toto," Nay Panyang alimwambia kwa upole. "Kitambaa laini, kikavu."

Kwa heshima yake, Jhunrey hakujitetea. Alichukua fomu, akaandika alichokiona kwa macho yake, akapiga muhuri, kisha akawaita wote wenye pedi za ugonjwa ule mmoja mmoja na kuwaandikia vile vile. Baadaye akapiga simu makao makuu, Manila. Manila wakakubali kubadilisha. Pedi mpya zingefika baada ya wiki tatu.

"Jumamosi ni keshokutwa," Nay Panyang alisema.

"Ningekupa ya dukani, Nay. Lakini umeona mwenyewe. Zote ni mama mmoja, baba mmoja."

Akarudi nyumbani na pedi yake ile ile na kapu tupu. Alikuwa ameshinda, na ushindi haukumsaidia kitu.

Jumamosi wakacheza. Mchezo wa kwanza ulikwenda vizuri, Jerwin akaongea kidogo kuhusu mpishi mpya anayechoma wali. Mchezo wa pili, mchezaji wa Nay Panyang akaanza safari yake.

"Ma, mtu wako anakwenda wapi?"

Akafikiria kudanganya, akaona aibu. Akamsimulia yote, kuanzia nailoni hadi Jhunrey na mikono juu. Jerwin akacheka kicheko ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu apande meli.

"Ma, yangu nayo ni hivyo hivyo. Inakwenda kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu Singapore."

"Miezi mitano? Na hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi sana kunifunga."

Nay Panyang akavua miwani. Kwenye runinga mtu wake alikuwa kwenye ukuta wa kushoto, mtu wa Jerwin kwenye ukuta wa kulia, na mpira umekaa katikati hauna mwenyewe.

"Na kitu gani kingine hujaniambia, Toto?"

Alisubiri ile "sawa tu" yake. Haikuja.

"Ma," alisema Jerwin, "nimechoka na bahari. Nataka kurudi nyumbani, ila naona aibu kusema."

Nay Panyang akaiweka pedi mezani.

"Sema tu, mwanangu," akamwambia. "Mpira hauna haraka."